Ukae meza ipi? Michezo ya karata iliyozaliwa na sheria za kamari

Meza ya blakijeki ya Las Vegas na ile ya chumba cha karata cha Los Angeles zinafanana ukiziona kwa mbali: kitambaa kilekile, karata zilezile, wachezaji wanaohesabu kuelekea 21. Ukikaa ndipo unagundua tofauti. Las Vegas unacheza dhidi ya kasino. Los Angeles sheria imemkataza mwenye chumba kushika benki, kwa hiyo anayekulipa ukishinda ni mchezaji mwingine aliye mezani, na mwenye chumba anapata chake kwa kutoza ada.

Sheria za kamari hujibu maswali matatu: nani ashike benki, mwenye ukumbi apate malipo yake kwa njia gani, na matokeo yaamuliwe na nini. Jibu moja likibadilika, gharama ya kucheza huhama kutoka sehemu moja ya mchezo kwenda nyingine. Ndiyo maana tunalinganisha meza kwa kutazama gharama imejificha wapi. Ieleweke tangu mwanzo kwamba meza za benki zinazoelezwa hapa zote humla mchezaji wa kawaida baada ya muda mrefu. Unachochagua ni kuliwa kiasi gani, na kwa kasi gani.

Blakijeki: benki ya kasino au benki ya mchezaji

Kifungu cha 330 cha Kanuni ya Adhabu ya California kinataja michezo iliyopigwa marufuku kwa majina: faro, monte, ruleti, fan-tan, twenty-one na mingineyo. Kisha kinakataza mchezo wowote wa benki au wa asilimia unaochezwa kwa karata, dadu au kifaa kingine. Kwa mwenye chumba cha karata hapo kuna vikwazo viwili: mchezo usiwe twenty-one, na benki isiwe yake.

Kikwazo cha kwanza kilizaa kundi zima la michezo inayofanana na blakijeki lakini yenye lengo au hesabu tofauti. Katika mmoja, Pure 21.5 Blackjack, mkono wa juu kabisa ni 21 na nusu. Katika mingine, iitwayo No Bust, jokari zimeongezwa kwenye seti, na jokari mbili ndizo mkono mkuu. Jina No Bust linatokana na kanuni inayowapendeza wageni kuliko zote: ukivuka 21 hupotezi papo hapo. Benki nayo ikivuka 21 kwa idadi kubwa kuliko yako, mara nyingi mnakuwa sare. Kwenye blakijeki ya kawaida, faida kubwa ya kasino inatoka hapo hasa: mchezaji anavuka kwanza, anapoteza kwanza, na benki ikivuka baadaye haimsaidii tena.

Usikimbilie kusema basi No Bust ni nafuu. Kilichotolewa upande huu kimerudishwa upande mwingine. Angalia malipo ya mkono mkuu: blakijeki nzuri hulipa 3 kwa 2, yaani dola 15 kwa dau la dola 10, ilhali meza nyingi za vyumba vya karata hulipa 6 kwa 5, yaani dola 12. Tofauti hiyo peke yake humgharimu mchezaji karibu asilimia 1.4 ya kila dau. Kisha tazama kama kuna idadi ambayo ukiifikia unapoteza hata benki ikivuka. Kanuni za kila mchezo hubandikwa au hupatikana kwa msimamizi wa sakafu; ziombe kabla ya kununua chipu.

Kikwazo cha pili, cha benki, ndicho kinachogusa mfuko zaidi. Sheria ya California inaruhusu nafasi ya mchezaji mwenye benki, mradi nafasi hiyo izunguke mezani kwa utaratibu usiokatika. Mwaka 1998, katika kesi ya Oliver dhidi ya Kaunti ya Los Angeles iliyohusu mchezo uitwao Newjack, mahakama ya rufaa iliona kwamba mchezo unaomwezesha mtu mmoja kushika benki mkono baada ya mkono, bila kulazimika kuipisha, ni mchezo wa benki uliokatazwa. Tangu hapo mgawaji wa karata hugeuka kila baada ya mikono michache na kuuliza kama kuna anayetaka benki. Wengi hukataa. Benki inabaki kwa mwakilishi wa kampuni yenye leseni ya kazi hiyo, anayekaa mezani na trei ya chipu akiandika hesabu.

Waingereza waliwahi kupitia njia inayokaribiana na hii. Sheria yao ya 1960 ilitaka wachezaji wote wawe na nafasi sawa, basi baadhi ya vilabu vikawa vinawapa wateja nafasi ya kushika benki ya ruleti, vikijua wachache watathubutu. Suala hilo lilifika mpaka Bunge la Malodi kama mahakama, na Sheria ya Kamari ya 1968 ikaja na utaratibu mwingine: kasino ishike benki, lakini kwa michezo na kanuni zilizopangwa na serikali. Ndipo blakijeki ya Uingereza ikawa na sura yake: kuongeza dau mara mbili pale tu jumla yako ya kwanza ni 9, 10 au 11, na kutogawanya jozi za 4, 5 wala 10 kuwa mikono miwili.

Turudi California, kwenye ada. Sheria inataka ada iwe kiasi maalumu kilichopangwa kabla ya karata kugawiwa, isiwe asilimia ya dau wala ya ushindi. Hapo ndipo mwenye dau dogo anapoumia. Hebu tuweke ada ya dola 1 kwa mkono na mikono 60 kwa saa, kisha tulinganishe na meza ya kasino isiyo na ada, yenye kanuni nzuri na faida ya kasino (sehemu ya dau inayobaki kwa kasino kwa wastani) ya asilimia 0.5:

| Dau kwa mkono | Ada kama asilimia ya dau | Ada kwa saa | Hasara ya wastani kwa saa kwenye meza ya asilimia 0.5 |
|---|---|---|---|
| dola 10 | 10 | dola 60 | dola 3 |
| dola 25 | 4 | dola 60 | dola 7.50 |
| dola 50 | 2 | dola 60 | dola 15 |
| dola 100 | 1 | dola 60 | dola 30 |

Safu ya ada ni ada peke yake. Faida ya benki inakuja juu yake. Kwa dau la dola 10 hakuna kanuni yoyote ya No Bust inayoweza kufidia asilimia 10. Kwa mwenye dau kama hilo, afadhali kasino ya kabila la wenyeji asilia ndani ya California hiyohiyo. Pendekezo la 1A lililopitishwa na wapiga kura Machi 2000 liliyaruhusu makabila yenye mkataba na jimbo kuendesha michezo ya karata ya benki, na huko utakuta blakijeki ya kawaida. Vyumba vingine vya karata havimtozi mchezaji ada, vikiiacha kwa mwenye benki. Kwa hiyo swali la kwanza ukifika ni: "Ada ya mkono ni kiasi gani, na inalipwa na nani?"

Je, ushike benki mwenyewe? Ni haki yako, na ni moja ya nafasi chache za kukaa upande wenye faida. Lakini piga hesabu kwanza. Tuseme faida ya benki ni asilimia 1 na ada ya mwenye benki ni dola 2 kwa mzunguko. Wachezaji watano wakiweka dola 20 kila mmoja, jumla ni 100, faida yako ya wastani ni dola 1, na ada inakula dola 2. Unapoteza ukiwa benki. Wakiweka dola 100 kila mmoja, jumla ni 500, wastani ni dola 5, unabaki na 3. Kwa hiyo benki hufaa kwenye meza iliyojaa madau makubwa, na hapo unahitaji mtaji wa kuhimili mzunguko ambapo watano wote wanashinda, wawili kati yao wakiwa wamezidisha dau.

Kuna jambo lingine linalowachanganya wageni. Mwenye benki halazimiki kufunika madau yote. Anaweka kiasi chake, na kitufe maalumu kinaonyesha malipo yaanzie kwa nani. Benki ikiwa na dola 300 na madau ni 100, 150 na 100 kwa mpangilio huo, wawili wa kwanza wanatumia 250, na wa tatu anafunikwa kwa 50 tu. Hamsini zake nyingine anarudishiwa, awe ameshinda au ameshindwa. Kampuni zenye leseni huwa na mtaji wa kutosha na hili hutokea mara chache, ila benki ikishikwa na mtu binafsi, kaa karibu na pale malipo yanapoanzia kama unataka dau lako lote lihesabiwe.

Sheria yenyewe ya meza hizi inaendelea kugombaniwa. Septemba 2024 gavana wa California alitia saini sheria iliyoyapa makabila nafasi ya kuvishtaki vyumba vya karata kuhusu michezo hii, na Aprili 2025 ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo ikatangaza mapendekezo ya kanuni za kubana michezo inayofanana na blakijeki na kukaza mzunguko wa benki. Mchezo uliousoma mwaka jana unaweza kuwa umeondolewa au umebadilishwa. Piga simu kabla ya safari.

Poka ya pai gow: kamisheni au ada

Mchezo huu nao umetoka kwenye vyumba vya karata vya California. Sam Torosian wa Bell Card Club aliuanzisha mwaka 1985, akashauriwa kwamba hauwezi kupewa hataza, na ukaenea dunia nzima bila yeye kulipwa. Karata ni 53, yaani 52 na jokari moja. Kila mtu hupewa 7, akazipanga mkono wa 5 na mkono wa 2. Ushinde yote miwili upate, upoteze yote miwili uliwe, vinginevyo ni sare. Mikono ikilingana kabisa, benki ndiyo inayohesabiwa imeshinda, na faida kubwa ya benki imekaa hapo.

Kwenye kasino utatozwa kamisheni ya asilimia 5 ukishinda tu. Kwenye chumba cha karata utatozwa ada kila mkono, hata ule wa sare. Hilo si dogo, kwa sababu mikono zaidi ya 40 katika kila 100 huishia sare, na mchezaji hushinda takriban 29. Kwa dau la dola 20, kamisheni ni dola 1 kwa kila ushindi, sawa na wastani wa senti 29 kwa kila mkono unaochezwa. Ada ya dola 1 kwa mkono ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Njia mbili zinakutana kwenye dau la karibu dola 70. Chini ya hapo chagua kamisheni, juu ya hapo chagua ada. Na kama utawahi kushika benki mahali popote, anzia kwenye pai gow: mchezo ni wa polepole, sare nyingi hulinda mtaji, na hakuna anayezidisha dau katikati ya mkono.

Bakarati, mchezo wa kubashiri ni mkono upi kati ya wa "mchezaji" na wa "benki" utakaokaribia 9 zaidi, tutaipita haraka. Toleo lisilo na kamisheni, ambapo benki ikishinda kwa 7 ya karata tatu dau la benki linakuwa sare, linavifaa sana vyumba visivyoruhusiwa kutoza asilimia, na kwa mchezaji faida ya kasino kwenye dau la benki ni asilimia 1.02, nafuu kidogo kuliko 1.06 ya toleo la kamisheni. Ila dau la pembeni kwa ile 7 ya karata tatu, linalolipa 40 kwa 1, lina faida ya kasino ya asilimia 7.6. Liache.

Dadu zilizogeuzwa karata

Hapa sheria imefanya jambo la ajabu zaidi, na tofauti kati ya meza na meza ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Makabila ya California yana ruhusa ya michezo ya benki ya karata, lakini ruleti na mchezo wa dadu uitwao craps hazimo. Kasino zikaamua matokeo yatoke kwenye karata. Dadu zinaweza kuwepo, hata zikarushwa kwa mbwembwe zote, ila kazi yake ni kuchagua karata gani ifunuliwe. Karata ndiyo inayosema umepata ngapi. Kwa ruleti mambo ni rahisi: karata 38 zenye namba 0, 00 na 1 hadi 36, moja inafunuliwa, na faida ya kasino inabaki asilimia 5.26 kama gurudumu la Marekani. Karata zikiwa 37, yaani bila 00, ni 2.70. Hesabu sufuri, chagua meza yenye moja.

Craps inahitaji uangalifu, kwa sababu dadu mbili hazitegemeani, ilhali karata mbili zilizotolewa kwenye seti moja zinategemeana. Ukishatoa 4, zile 4 zilizobaki zimepungua. Kuna mipangilio mitatu ya kawaida:

Wa kwanza ni seti mbili tofauti, kila moja na namba 1 hadi 6, karata moja kutoka kila seti. Wa pili ni karata 36, kila moja ikiwa na picha ya dadu mbili, na zote zinachanganywa upya kila mara. Mipangilio hii miwili inatoa matokeo sawasawa na dadu halisi, na mkakati wako wa zamani unabaki uleule.

Wa tatu ni karata mbili kutoka kundi moja bila kurudisha ya kwanza. Hapa ndipo hesabu inapinda. Chukua kundi dogo la karata 24, namba 1 hadi 6 mara nne kila moja, likichanganywa upya baada ya kila mtupo. Uwezekano wa kupata namba mbili zinazofanana ni 3 kwa 23, yaani asilimia 13.0, badala ya 16.7 ya dadu. Uwezekano wa kupata 7 unapanda kutoka asilimia 16.7 hadi 17.4, kwa sababu 7 haitokani na namba zinazofanana. Tumekokotoa madau makuu kwa kundi hilo. Pass line ni dau kwamba mrushaji atashinda, na don't pass ni kinyume chake. Place 6 au 8 ni dau kwamba namba hiyo itatoka kabla ya 7, na hard ni dau kwamba itatoka kwa namba mbili zinazofanana kabla ya 7 na kabla ya kutoka kwa njia nyingine:

| Dau | Faida ya kasino, dadu halisi | Faida ya kasino, karata 24 |
|---|---|---|
| Pass line | 1.41 | 0.72 |
| Don't pass | 1.36 | 1.46 |
| Place 6 au 8 (7 kwa 6) | 1.52 | 4.3 |
| Hard 6 au hard 8 (9 kwa 1) | 9.1 | 30.2 |

Namba zote ni asilimia. Tazama jinsi athari isivyokwenda upande mmoja. Dau la pass line linakuwa nafuu karibu mara mbili, kwa sababu 7 na 11 za mtupo wa kwanza zimeongezeka, na 2 na 12, zinazotokana na namba zinazofanana, zimepungua. Lakini anayependa kuweka 6 na 8 anakutana na 7 nyingi zaidi, na gharama yake inakaribia mara tatu. Hard 8 inahitaji 4 mbili, ndizo hizohizo zilizopungua, na malipo hayakubadilishwa. Mtu aliyezoea craps ya Nevada, akahamishia mazoea yake kwenye meza ya namna hii bila kuuliza, anaweza kulipa mara tatu kwa madau yaleyale.

Kundi likiwa kubwa, tofauti inafifia. Kwenye mashine ya kuchanganya yenye karata 324, yaani 54 za kila namba, uwezekano wa namba zinazofanana ni 53 kwa 323, asilimia 16.4. Hapo cheza kama dadu.

Kwa hiyo muulize mgawaji mambo mawili: "Karata mbili zinatoka kundi moja au makundi mawili?" na "Kundi lina karata ngapi?" Kama ni moja na ni dogo, kaa na pass line, acha mengine. Kama karata zilizotumika hazirudishwi mpaka baada ya mitupo kadhaa, jedwali letu halitumiki tena, maana kila mtupo unabadilisha uwiano wa zinazobaki.

Michezo hii hudumu maadamu sheria iliyoizaa ipo. Oklahoma, baada ya sheria ya 2018 kuyaruhusu makabila kuendesha michezo ya mpira na dadu, hitaji la karata kwenye ruleti na craps liliondoka.

Seti moja au sanduku la seti nane: Las Vegas na Atlantic City

Wakati mwingine sheria hubadilisha namna mchezo unavyogawiwa bila kugusa jina lake. Kasino ya kwanza ya Atlantic City ilipofunguliwa Mei 1978, kanuni za New Jersey ziliilazimisha kumruhusu mchezaji kujisalimisha mapema: kutoa nusu ya dau kabla benki haijakagua kama ina blakijeki. Kanuni hiyo ina thamani ya takriban asilimia 0.6 kwa mchezaji, kiasi cha kupindua faida yote ya kasino. Ilifutwa mwaka 1981.

Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya New Jersey, katika kesi ya mchezaji Ken Uston dhidi ya kasino ya Resorts, ilisema kasino haina mamlaka ya kumfukuza mtu kwa kosa la kuhesabu karata, yaani kufuatilia zilizokwisha kutoka ili kukadiria zilizobaki. Kasino, kwa kuwa haziwezi kumtoa mtu, zikajilinda kwa kanuni za meza: masanduku ya seti nane, kuchanganya karata mapema, kumzuia mtu kuingia katikati ya sanduku. Nevada kasino inaweza kumwambia mhesabuji asicheze blakijeki tena, na kwa sababu hiyo inaweza kumudu meza za seti moja au mbili.

Kwa mchezaji asiyehesabu karata, seti moja ni nafuu kwa takriban nusu asilimia kuliko seti nane, kanuni nyingine zikiwa sawa. Neno hilo la mwisho ndilo la kushikilia. Meza nyingi za seti moja sasa hulipa 6 kwa 5, na hasara ya asilimia 1.4 inafuta ile nusu mara karibu tatu. Seti nane zinazolipa 3 kwa 2 zinaishinda seti moja inayolipa 6 kwa 5, kila siku. Kwa anayehesabu, uchaguzi ni kati ya mezani asipofukuzwa lakini karata zimefukiwa ndani ya sanduku kubwa, na mezani penye karata chache lakini anaweza kuondolewa saa yoyote.

Poka: makato, kiti cha saa, na kikomo cha dau

Poka haina benki, kwa hiyo sheria huigusa kwenye mambo mawili: mwenye ukumbi alipweje, na dau lifike wapi.

Texas hakuna leseni ya vyumba vya poka vya kibiashara, lakini Kanuni ya Adhabu inatoa utetezi kwa kamari iliyochezwa mahali pa faragha, ambapo hakuna anayefaidika zaidi ya ushindi wake mwenyewe na nafasi ni sawa kwa wote. Vilabu vikajengwa juu ya sentensi hiyo: havikati chochote kwenye kitita (fedha zinazoshindaniwa katikati ya meza), vinatoza uanachama na ada ya kiti kwa saa. Linganisha. Chumba kinachokata hadi dola 5 kwa kitita, kikicheza mikono 30 kwa saa na kukata kiasi kamili kila mara, kinatoa dola 150 mezani. Kwa wachezaji tisa ni karibu dola 17 kila mmoja. Kiti cha dola 12 kwa saa ni nafuu kwenye meza hiyo. Ila makato yanamgusa anayeshinda vitita, ilhali ada ya kiti inamgusa hata anayetupa karata saa nzima. Mchezaji mwangalifu anayeingia vitita vichache, kwenye meza ya madau madogo ambako makato mara nyingi hayafiki kikomo, atalipa kidogo kwenye makato. Anayecheza mikono mingi na madau makubwa achague kiti. Hatari ya Texas ni ya kisheria: utetezi haujawa leseni, na klabu inaweza kufungwa ukiwa na chipu mfukoni. Badilisha chipu zako kila unapoondoka.

Colorado ilipoanza kamari ya miji yake mitatu ya milimani mwaka 1991, dau lilikuwa na kikomo cha dola 5. Julai 2009 kikomo kikapanda hadi 100, ndipo ikashamiri hold'em (poka ya karata mbili za siri kwa kila mtu na tano za pamoja mezani) ya dola 2 hadi 100: unaweza kuweka kiasi chochote kati ya hivyo kwa zamu yako, lakini si zaidi. Kikomo hicho cha kikatiba kimeshaondolewa kwa kura, ila poka ya mfumo huo bado inaweza kukutana nawe penye sheria ya kikomo, na watu wengi huichezea kama poka isiyo na kikomo.

Hapo ndipo wanapopoteza. Kitita kikiwa dola 600 na mwenzako anasubiri karata moja kukamilisha karata tano za alama moja, kwa mfano kopa zote, ana karata 9 kati ya 46 asizoziona, yaani asilimia 19.6. Bila kikomo ungeweka 600. Angelazimika kulipa 600 kushindania 1,200, na angehitaji asilimia 33. Angefanya kosa kufuata. Kwa kikomo cha 100, analipa 100 kushindania 700 na anahitaji asilimia 12.5 tu. Kufuata kwake ni sahihi, na huna namna ya kumtoa.

Basi ukikaa meza ya namna hiyo, weka dau lako kubwa mapema, kabla ya karata za pamoja na kwenye tatu za kwanza, wakati 100 bado ni kubwa kuliko kitita. Cheza zaidi mikono inayoweza kukamilika kuwa mikubwa, maana utalipa bei ndogo kuifuata, na punguza imani kwa jozi moja ya ree kitita kikishanenepa.